Oili ya injini kwenye foleni za Dar: umwage kila kilomita ngapi, na sintetiki inasaidia nini?

"Nina Toyota IST ya mwaka 2005, injini ya 1NZ-FE. Naishi Mbezi Luis, kazi iko Posta. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 50, na kwa siku nakaa barabarani jumla saa tatu na nusu. Fundi wangu anasema nimwage oili kila kilomita 3,000 kwa sababu inakuwa nyeusi mapema, na huwa ananiwekea 20W-50, eti joto la Dar linataka oili nzito. Duka moja Kariakoo wameniambia niweke sintetiki, nisahau mpaka kilomita 10,000. Juzi, nikiwa na kilomita 4,000 tangu servisi, nilichomoa kijiti cha kupimia oili nikakuta oili imeshuka karibu na alama ya chini, na sioni tone hata moja pale ninapopaki. Nimsikilize nani? Na hiyo sintetiki ina faida kweli au ni biashara tu?"

Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe ili usilisubiri. Kwa gari lako na njia yako, mwaga oili kila kilomita 5,000 au kila miezi 6, kitakachotangulia. Weka 5W-30 yenye daraja la API (alama ya ubora iliyo nyuma ya chupa) la SN au SP, badilisha filta kila unapomwaga, na chomoa kijiti kila wiki. Fundi wako anakutoza gharama usiyoihitaji, na duka linakupa matumaini ambayo foleni ya Morogoro Road haiyaruhusu. Sintetiki ina faida ya kweli, ila si ile uliyoambiwa dukani. Zaidi ya hayo yote, jambo linalohatarisha injini yako leo ni hilo ulilolitaja mwishoni kama la kupita: oili inapungua na hujui inakwenda wapi.

Tuanze na kilomita, maana hapo ndipo watu wengi wa Dar wanapopotea. Dashibodi inahesabu mwendo wa matairi. Haihesabu muda injini inaopiga kazi gari likiwa limesimama Ubungo, AC imewashwa, mbele yako kuna lori na nyuma daladala. Wewe unakwenda kilomita 50 kwa saa tatu na nusu, yaani wastani wa kilomita 14 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 5,000 ni takriban saa 350 za injini kuunguruma. Mtu anayetoka Dar kwenda Morogoro, kama kilomita 190 kwa saa nne hivi, akimaliza kilomita 5,000 injini yake imefanya kazi kama saa 105. Gari ni lile lile na oili ni ile ile, lakini yako imechemka zaidi ya mara tatu ya ile yake. Ni kweli kwamba saa moja ya kusimama kwenye foleni haina mzigo kama saa moja ya kupanda mlima na abiria watano, kwa hiyo usiichukulie hesabu hii kuwa kipimo kamili. Inatosha kukuonyesha kwa nini namba iliyoandikwa kwa ajili ya barabara iliyo wazi haikufai.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo. Toyota, kwa soko la Japani, inashauri magari ya petroli yasiyo na tabo (turbo, feni inayosukuma hewa kwenye injini) yamwagwe oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Kwa magari yanayotumika katika mazingira magumu, namba hiyo inakatwa nusu: kilomita 7,500 au miezi 6. Na mazingira magumu wanayoyataja ni pamoja na haya: barabara mbovu, safari fupi za mara kwa mara, na mwendo wa polepole wenye kusimama sana. Ukisoma orodha hiyo utadhani mwandishi alikuwa amekaa Kimara Mwisho saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nakushusha mpaka 5,000 kwa sababu gari lako lina umri wa takriban miaka ishirini, linakula oili, na mitaa yetu ya ndani ina vumbi. Lingekuwa jipya na halipunguzi oili, 7,000 usingeisikia nikiipinga.

Kwa wale ambao gari ndiyo kwanza limeshuka bandarini: tazama kwenye nguzo ya mlango wa dereva au juu ya pembe ya kioo cha mbele. Mara nyingi kuna stika ya gereji ya Japani yenye tarehe na kilomita za servisi ya mwisho. Maandishi hutayasoma, lakini tarakimu utaziona. Mwaka ukiandikwa kwa tarakimu moja au mbili, kwa mfano 29 au 30, huo ni mwaka wa enzi ya Heisei. Ongeza 1988 na utapata mwaka wetu, kwa hiyo 30 ni 2018. Kuanzia Mei 2019 enzi ni Reiwa, nayo unaongeza 2018. Hata stika ikionyesha servisi ya karibuni, mwaga oili hiyo mara tu gari linapofika mkononi mwako. Limesubiri yadi ya Japani, likakaa melini, likasubiri tena bandarini, na hujui aliyekuwa akiliwasha na kulizima njiani.

Sasa, kwa nini oili inachoka? Ndani ya chupa kuna vitu viwili: oili ya msingi, na viungo vya kemikali vilivyochanganywa humo. Oili ya msingi ndiyo inayotenganisha chuma na chuma. Viungo vinafanya kazi nyingine: kuna vinavyosafisha uchafu, vinavyoushikilia uchafu uelee bila kujikusanya, vinavyoua asidi, vinavyozuia oili isiungane na oksijeni, na vinavyojenga utando mwembamba juu ya kamshafti (mhimili unaofungua vali) na sehemu zinazosuguana sana. Oili ya msingi inaharibika taratibu, lakini viungo vinatumika na kuisha. Vikiisha, oili bado ipo kwenye sampu, bakuli lake la chini ya injini, na kijiti kinaonyesha imejaa, ila haina ulinzi.

Joto ndilo adui wa kwanza. Kanuni ya makadirio ya wakemia ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10, kasi ya oili kuungana na oksijeni inaongezeka kama mara mbili. Kwenye foleni hakuna upepo unaopita chini ya sampu, feni ndiyo inayohangaika peke yake, na oili iliyo karibu na ringi za pistoni inapata moto kuliko ile ya chini. Adui wa pili ni kinachovuja kutoka kwenye silinda. Kila lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji karibu lita moja. Karibu yote hutoka ekzosi kama mvuke, lakini sehemu ndogo hupenya kwenye ringi na kushuka kwenye oili pamoja na petroli isiyoungua na gesi zinazozaa asidi. Injini ikipata joto la kutosha kwa muda mrefu, maji na petroli hiyo hukauka na kuvutwa nje. Ndiyo maana gari la kwenda dukani na shuleni tu, dakika saba kisha linazimwa, linachafua oili kuliko la kwenda Chalinze. Maji ya kupoza injini yanafika joto lake upesi, lakini oili inachelewa nyuma yake kwa dakika kumi au zaidi. Ndiyo sababu pia nimekupa ukomo wa miezi 6. Gari likikaa bila kutembea, asidi na unyevu vinaendelea na kazi, na pwani yetu haikosi unyevu.

Adui wa tatu ni vumbi, na hili halizuiwi na oili ya aina yoyote. Mchanga laini ukipita kwenye filta ya hewa unakula kuta za silinda na ringi. Ukiwa unapita njia za vumbi za Goba au Kinyerezi, kagua filta ya hewa kila unapomwaga oili, uibadilishe ikifika kilomita 10,000 hadi 15,000. Usikubali ipulizwe kwa kompresa ya nguvu kutoka karibu. Karatasi inapasuka vitundu usivyoviona na mchanga unapita bila kizuizi. Hakikisha pia klipu za boksi la filta zinafunga. Ukikuta moja imekatika na imefungwa waya, pale ndipo ringi zako zinapoliwa.

Nije kwenye weusi, maana ndio uliomtia fundi wako hofu. Oili inayogeuka nyeusi mapema, mara nyingi, inafanya kazi yake. Viungo vya kusafisha vinabandua masizi yaliyoganda ndani ya injini na kuyaweka yaelee, kama maji ya kufulia yanavyochafuka nguo zikiwa zinatakata. Kwenye injini yenye umri kama yako, oili nzuri inaweza kuwa nyeusi ndani ya wiki mbili, na kwenye dizeli inakuwa nyeusi siku hiyo hiyo. Oili inayobaki na rangi ya asali kwa kilomita 4,000 ndani ya injini ya zamani ndiyo ingenitia shaka. Kwa hiyo rangi peke yake haikupi uamuzi. Vitu vinavyokupa dalili ni hivi: harufu kali ya petroli kwenye kijiti, oili iliyokuwa laini kama maji, punje unazozisikia ukiisugua kati ya vidole, au ute wa kahawia uliopauka kama chai ya maziwa chini ya kifuniko cha kujazia. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe ya kunyonya, uiache usiku kucha. Doa likisambaa polepole, katikati peusi na kingo zikififia, oili bado inabeba uchafu. Likibaki doa zito jeusi lenye ukingo mkali, uchafu umeshaanza kujikusanya, na muda wa kumwaga umefika. Hicho si kipimo cha maabara, lakini ni bora kuliko kutazama rangi.

Na hii 20W-50? Namba ya kwanza, ile iliyo kabla ya W, inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi. Namba ya pili ni uzito wake ikiwa imefika nyuzi 100. Dar haijui baridi, kwa hiyo namba ya kwanza haitusumbui sana. Ya pili ndiyo yenye maana, na hapo hoja ya joto la Dar inaonekana ina nguvu kuliko ilivyo. Injini yako ina thamostati inayofungua kwenye nyuzi zaidi kidogo ya 80, na inalinda joto karibu na 90 iwe iko Tanga au Sapporo. Hewa ya Dar ya nyuzi 32 inaongeza kazi ya rejeta, lakini haiigeuzi injini kuwa injini nyingine. Nafasi kati ya beringi na krankshafti ni nyembamba sana, na imepimwa kwa oili ya namba 30. Tena 1NZ-FE ina VVT-i, mfumo unaogeuza taimingi ya vali kwa presha ya oili inayopita kwenye vali ndogo na chujio laini sana. Oili nzito inachelewa kufika huko, hasa sekunde zile za kwanza asubuhi, wakati ambapo injini inaliwa zaidi kuliko muda mwingine. Tenshena ya taimingi cheni, kifaa kinachoikaza cheni hiyo, nayo inasukumwa na oili. Ule mlio wa cheni wa sekunde mbili asubuhi kwenye IST na Vitz nyingi unatokana mara nyingi na oili nzito au chafu iliyochelewa kuleta presha.

Haki lazima itendeke kwa fundi: vitabu vingi vya Toyota vina jedwali linaloruhusu oili nzito zaidi kwenye nchi za joto, hata hiyo 20W-50, huku 5W-30 ikiwekwa kama chaguo bora. Kwa hiyo hajakuua injini. Mafundi wetu wanapenda oili nzito kwa sababu inaficha: inapunguza ulaji wa oili na kelele kwenye injini iliyochoka. Ushauri wangu ni urudi kwenye 5W-30. Ukiona ulaji umeongezeka wazi, panda hadi 5W-40 au 10W-40 na ukae hapo. Oili ya namba moja tu, ile SAE 40 inayouzwa kwa bei ya chini, usiiweke kabisa kwenye injini hii.

Sasa sintetiki. Oili ya kawaida inatoka moja kwa moja kwenye mafuta ghafi yaliyosafishwa, kwa hiyo molekuli zake ni za maumbo na ukubwa tofauti, na nyingine ni dhaifu. Ya sintetiki imejengwa au imesafishwa upya kwa kemikali hadi molekuli zake zinafanana. Faida zake kwako ni tatu, na zote zinapimika. Inastahimili joto bila kuungana na oksijeni upesi. Inapungua kwa mvuke kidogo zaidi, jambo linalokugusa wewe unayepoteza oili. Na inashika uzito wake bila kutegemea sana viungo vya kuongeza mnato, ambavyo kwenye oili ya kawaida husagwa na gia na beringi hadi 5W-30 ikawa nyepesi kuliko jina lake. Faida yake nyingine, iliyo kubwa kabisa, ni kutiririka kwenye baridi kali, na hiyo kwa Dar unailipia bure.

Kisichobadilika ni hiki: petroli, maji, asidi na vumbi vinaingia kwenye sintetiki sawasawa na vinavyoingia kwenye oili ya kawaida. Viungo vya kuua asidi vinaisha vilevile. Filta inajaa vilevile. Ndiyo maana siwezi kukupa kilomita 10,000 kwenye foleni kwa sababu tu ya neno lililoandikwa kwenye chupa. Tena kwenye masoko mengi neno hilo linatumika hata kwa oili iliyotokana na mafuta ghafi yaliyochakatwa kwa kina. Si ulaghai, kwani oili hizo ni nzuri, ila neno peke yake halikuambii ubora. Soma daraja la API nyuma ya chupa. SN ilianza 2010 na SP 2020. SL ni ya 2001. Ukikuta SF au SG, hizo ni za miaka ya 1980, ziache dukani. Mimi ningechagua nusu sintetiki ya SP inayomwagwa kila 5,000 kuliko sintetiki kamili inayosahauliwa mpaka 10,000. Pesa ikiruhusu sintetiki kamili inayomwagwa kila 5,000 hadi 6,000, injini yako itakuwa imepata ulinzi bora unaoweza kununuliwa. Gawa bei ya oili na filta kwa kilomita utakazotembea, uamue kwa mfuko wako.

Uvumi unaosema ukishaweka sintetiki huwezi kurudi kwenye ya kawaida hauna msingi. Kuzichanganya wakati wa kujazia hakuharibu injini, mradi zote ni za injini ya petroli na uzito wake unakaribiana. Na ile kauli kwamba sintetiki inavujisha gari la zamani ina chembe ya ukweli: inaweza kusafisha uchafu uliokuwa umeziba sili iliyokwisha kufa. Sili hiyo ilihitaji kubadilishwa kabla.

Turudi kwenye kijiti chako. Kutoka alama ya juu hadi ya chini kwenye injini za aina hii ni lita moja hadi moja na nusu. Umepoteza karibu kiasi hicho kwa kilomita 4,000. Vitabu vya Toyota hutaja hadi lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa ni kiwango ambacho bado hakijavuka mpaka, kwa hiyo hujafika pabaya. Pabaya ni pale unaposubiri servisi bila kutazama. Injini inayobeba lita 3.7 za oili ikibaki na mbili ina oili kidogo inayozunguka haraka zaidi, inayochemka zaidi na kuchafuka zaidi. Siku ukikata kona kwa kasi, pampu inavuta hewa. Injini nyingi zinazonoki mjini hazinoki kwa oili kuukuu. Zinanoki kwa oili pungufu.

Pima hivi: gari liwe sehemu tambarare, asubuhi kabla hujawasha, au dakika kumi baada ya kuzima. Chomoa, futa kwa kitambaa safi, rudisha hadi mwisho, chomoa tena usome pande zote mbili na uchukue ile inayoonyesha chini. Jaza hadi alama ya juu, ile ya F, andika kilomita. Baada ya kilomita 1,000 jaza tena hadi F kwa kipimo chenye alama za mililita, uandike ulichoongeza. Ukishafanya hivyo mara mbili au tatu, utakuwa na namba ya kumpelekea fundi badala ya hisia.

Kukosa tone chini ya gari hakumaanishi haivuji. Oili inayotoka kwenye gasketi ya kifuniko cha vali inaweza kuungua juu ya ekzosi kabla haijafika chini. Utasikia harufu gari likisimama. Mulika tochi nyuma ya injini, kwenye kifuniko cha taimingi cheni na pale injini inapokutana na giaboksi. Pakiwa pakavu, nenda kwenye vali ya PCV, kidude kidogo kilichofungwa kwenye kifuniko cha vali, chenye bomba linalokwenda kwenye manifoldi ya hewa. Kazi yake ni kunyonya gesi za ndani ya injini. Ikikwama, inavuta oili ikaungue au inaacha presha isukume oili kupita kwenye sili. Ichomoe uitikise, inapaswa kulia kachakacha. Ukiipuliza upande wa injini hewa ipite, upande wa manifoldi ikatae. Bei yake ni ndogo, na haipaswi kurukwa. Kisha mwombe mtu asimame nyuma ya gari baada ya foleni ndefu. Moshi wa bluu ukitoka unapoanza kukanyaga baada ya kusimama muda mrefu, au mara ya kwanza asubuhi kisha ukaisha, shuku sili za vali. Ukitoka mfululizo kila unapokanyaga, shuku ringi.

Siku ya kumwaga, simama karibu na gari. Injini iwe ya uvuguvugu, si ya moto wa kuunguza. Gari likiinuliwa jeki upande mmoja, oili chafu inabaki kwenye kona ya sampu, kwa hiyo liwe tambarare au juu ya shimo. Nati ya sampu inafunguliwa kwa spana 14; iache oili idondoke angalau dakika kumi. Pete ya nati (washa) iwe mpya. Nati ikazwe kwa wastani, kama newtonmita 37, si kwa kurefusha spana kwa bomba, maana uzi ukikatika unatengeneza tatizo la kudumu. Filta ya zamani ikitoka, hakikisha na mpira wake umetoka nayo. Mpira ukibaki umegandia kwenye bloku na filta mpya ikafungwa juu yake, oili yote inaweza kumwagika ndani ya dakika chache. Mpira mpya upakwe oili, filta ikazwe kwa mkono hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Mimina lita 3.3, washa, taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, zima, subiri dakika tano, pima, kisha ongeza taratibu. Injini hii pamoja na filta inachukua lita 3.7. Galoni ni lita 4, na mazoea ya kuimimina yote "isibaki" yanapitisha kipimo. Ile iliyobaki iweke kwenye buti, ndiyo ya kujazia.

Usikubali injini isafishwe kwa dizeli au mafuta ya taa kabla ya kuweka oili mpya. Kwenye injini ya miaka ishirini tope likibanduka lote kwa pamoja linaziba chujio la pampu, na presha inakufa. Injini chafu inasafishwa kwa oili nzuri inayomwagwa mapema: mara mbili za kwanza kwa kilomita 2,500 au 3,000, kisha unarudi kwenye ratiba. Hapo tu ndipo namba ya fundi wako inapokuwa sahihi. Oili chafu isimwagwe mtaroni. Irudishwe kwenye dumu na kuachwa gereji inayouzia wakusanyaji, maana mitaro yetu inaishia Msimbazi na baharini.

Oili bandia ipo, na chupa halisi zilizojazwa upya zipo pia. Nunua kwa wakala anayetambuliwa na kampuni husika au kituo cha mafuta, dai risiti, kagua pete ya kifuniko na karatasi ya ndani kama havijaguswa, na namba ya toleo iwe imechapwa, isifutike kwa kidole. Ukimaliza, toboa chupa au ikate. Kijana anayeziokota gereji zikiwa nzima hazipeleki jikoni.

Wenye magari mengine wachukue haya kwa haraka. Subaru na magari mengine yenye tabo: kilomita 5,000 ni mwisho, na sintetiki kwao si anasa, kwa sababu tabo inaichemsha oili kuliko sehemu nyingine yoyote. Injini za D-4, zile za Toyota zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zinachanganya petroli kwenye oili kwa urahisi zaidi, hivyo nusa kijiti. Wenye Harrier na Kluger za V6 ya 1MZ-FE wasichelewe servisi: mwaka 2002 Toyota ilitangaza Marekani kugharamia matengenezo ya tope la oili kwenye injini hizo na 5S-FE kwa magari ya 1997 hadi 2002. Dereva wa teksi mtandao anayemaliza kilomita 5,000 kwa mwezi mmoja amwage kila 5,000 vilevile, ila kijiti akitazame kila anapojaza mafuta.

Kuna mambo ambayo hayatibiwi kwa kusoma. Taa nyekundu ya oili ikiwaka gari likitembea, weka pembeni na uzime hapo hapo, hata kama ni katikati ya foleni. Taa hiyo inaonyesha presha imekufa, na kilomita mbili za "nifike tu nyumbani" zinatosha kuua beringi. Nenda gereji pia ukisikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini unaoongezeka ukikanyaga, ukiona oili imegeuka ya maziwa huku maji ya rejeta yakipungua, ukiona kipimo cha oili kinapanda badala ya kushuka, au ulaji ukipita lita moja kwa kilomita 1,000. Kwa hilo la mwisho, dai vipimo vya kompresheni ya silinda zote nne, na uandikiwe namba. Kwa 1NZ-FE nzima tarajia karibu psi 213 (psi ni kipimo cha presha); chini ya 156, au tofauti ya zaidi ya 14 kati ya silinda na silinda, kuna kazi ndani. Kisha waweke oili kijiko kimoja kwenye silinda dhaifu na kupima tena: namba ikipanda ni ringi, isipopanda ni vali. Fundi akikutajia ovaholi kabla hajagusa vali ya PCV na kabla hajatoa geji ya kompresheni, mshukuru na upeleke gari kwa mwingine.